Ngapi za Nini?

Karani hakuwa mtu wa kumwuliza swali fupi. Ukimwuliza ana watoto wangapi, atakujibu wa kike watatu na wa kiume wawili, kisha atanyamaza akutazame, na kama ulikuwa unataka jumla, ujumlishe mwenyewe. Ukimwuliza kuku, atakwambia matetea manne, jogoo mmoja, na vifaranga ambao bado hawajajitambulisha. Jumla hakuipenda kabisa. "Jumla ni ya watu wenye haraka," alizoea kusema, huku akiwa hana haraka hata kidogo, na foleni nje ya mlango wake imefika kwenye mikorosho.

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake pale Newala nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kusomea kompyuta miezi tisa, na katika familia yetu kule Lukuledi hakuna aliyewahi hata kuigusa, kwa hiyo nilijiona mtu. Mradi wa maji ulikuwa umeniajiri niingize kadi za kaya kwenye kompyuta, na kadi zenyewe zilikuwa chini yake.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba."

"Nimeambiwa kadi ziko elfu tatu."

"Elfu tatu za nini?"

"Za kaya."

"Kaya za nini?"

Akarudi kwenye karatasi zake. "Ukishajua, rudi," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekwambia umesahau mwavuli.

Nilikaa barazani nikanywa chai ya tangawizi huku nikimchukia. Chai ilipokwisha nikarudi. Nikamwambia nataka kujua kaya ngapi zinachota bombani, ngapi zina kisima chao cha mvua, na ngapi zinateremka kuchota bondeni, kijiji kwa kijiji. Akainuka, akanivutia kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati.

"Karibu ukae, mwanangu. Sasa tunaongea."

Kwa asiyepajua juu kule, maji ndiyo habari yote. Uwanda ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote na kuomba nyingine. Chemchemi ziko chini, mwisho wa mteremko, na njia ya kurudi ni ya kupanda na ndoo kichwani. Mwenye uwezo hujichimbia shimo uani, akalisakafia kwa saruji, akaliunganisha na mfereji wa bati ili mvua ya masika iingie humo. Hilo ndilo wanaloliita kisima. Miaka ile ya soko huria, korosho ilipopata wanunuzi wapya na bati na saruji zikaanza kuonekana madukani, visima viliota kila uani, na mtu mwenye kisima alitembea barabarani kwa namna nyingine. Nimewahi kuona posa ikikubaliwa Mnyambe baada ya wajomba kuchungulia kisima na kurudi wakitabasamu.

Kila kitu kilipanda uwanda kwa pamoja wakati huo. Mitumba kwa mabelo, redio za kaseti, soda kwenye vioski vilivyokuwa vikiuza chumvi na mafuta ya taa tu, na magari ya watu binafsi yenye mizani yao wenyewe. Mimi na kompyuta yangu tulikuja na mkumbo huohuo, tumefungwa kwenye godoro ili tusivunjike.

Karani hakuikataa kompyuta. Aliizunguka, akauliza inakula nini, akaambiwa dizeli ya jenereta, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akanionyesha ya kwake.

Ya kwake ilikuwa makasha manne ya sabuni, yamejaa kadi ngumu. Kila kadi ilikuwa na jina la kaya katikati, na ukingoni mwake matundu manne yaliyopangana. Tundu la kwanza ni bomba, la pili ni kisima, la tatu ni bondeni. Kaya ikiwa ya kisima, Karani alichukua mkasi akakata ukingo wa tundu la pili likawa wazi kama mdomo. Ukitaka kujua kaya za kisima katika kijiji fulani, unachukua kadi za kijiji hicho zote, unazipanga sawasawa, unapitisha spoki ya baiskeli kwenye tundu la pili, unainua, unatikisa. Kadi za kisima zinadondoka mezani. Zilizobaki zinaning'inia kwenye spoki. Unahesabu zilizodondoka, umemaliza.

Nilitazama nikasahau kufunga mdomo. Miezi tisa nilikuwa nimefundishwa kuiambia mashine inihesabie kumbukumbu kwa mafungu, na mzee huyu alikuwa akifanya hivyohivyo kwa spoki.

"Na tundu la nne?" nikauliza.

"Hilo ni Bado."

"Bado nini?"

"Kaya ambayo hatujaijua. Walikuwa shambani, walikuwa msibani, mbwa alikuwa mkali. Hatujui wanachota wapi. Lakini wanakunywa, siyo?" Akalipapasa lile kasha. "Basi nao wahesabiwe. Waandikwe kwamba hatuwajui."

Siku ya kuzindua kompyuta ofisi nzima ilijaa. Mtu mmoja, mpenda ugomvi usio na madhara, akapendekeza washindanishwe: kompyuta upande huu, Karani upande ule, kijiji kimoja, mafungu matatu. Jenereta likawashwa mara ya tatu likakubali. Kompyuta ikachukua muda mrefu kuamka, Karani akasubiri kiungwana, mikono mgongoni. Nilipobonyeza, jibu lilitoka kabla hajamaliza kuinua spoki. Watu wakanipigia makofi. Karani akaendelea kutikisa kadi zake taratibu, fungu kwa fungu, kisha akaja kusoma kioo changu akiwa ameinamisha miwani.

"Bomba sawa. Kisima sawa. Bondeni sawa. Na wangu kumi na tisa wako wapi?"

"Kumi na tisa gani?"

"Wa Bado."

Sikuwa nimeiambia mashine iwahesabu waliokuwa na nafasi tupu, nayo haikujisumbua. Kaya kumi na tisa zilikuwa zimepotea kwenye kijiji kimoja bila hata kelele. Karani alicheka hadi akavua miwani akafuta machozi, akacheka tena alipokuwa akiivaa, na kwa wiki nzima kila nilipopita alinyanyua vidole akaniuliza, "Kumi na tisa hawajambo?"

Niseme hapa kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa. Kosa la mwenzake lilimpa furaha ya wazi, isiyo na sumu, na alikusaidia kulirekebisha huku bado anacheka. La kwake alilitazama kwanza muda mrefu, kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

Kabla ya maji alikuwa ghalani, enzi za ushirika, akipanga korosho kwa madaraja. Alijua daraja kwa kuitikisa sikioni. Wanunuzi binafsi walipokuja wakawa wananunua barabarani, wanamimina nzuri na mbovu gunia moja, ghala likapunguza watu, naye akapunguzwa. Nilitegemea aeleze uchungu wa kupoteza kazi. Kilichomuuma ni lile gunia.

"Daraja la kwanza na la pili, mwanangu! Pamoja! Hawajajuana hata majina!"

Ghalani aliondoka na mambo mawili: ile mbinu ya matundu, aliyosema alianza kuitumia kupangia kadi za wakulima, na mifuko ya saruji aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Kwa saruji hiyo alichimba kisima nyumbani kwake, kitongoji kimoja nje kidogo ya Kitangari. Alikichimba peke yake, kwa mikono yake, miezi minne, akakiwekea mfuniko wa mbao wenye kishikio. Ukienda kwake alikupeleka kwanza kisimani, ndipo ukasalimie ndani.

Harusi zote za Kitangari zilimtaka. Wapishi walimfuata wiki mbili kabla awaambie wageni watakuwa wangapi, naye hakuwapa namba moja hata siku moja. Aliwaambia: wanaokula sana kadhaa, wanaokula kidogo kadhaa, na wanaokuja na mfuko kadhaa. Pilau haikupungua. Msibani vilevile alikaa pembeni akagawa watu, wanaolia, wanaopika, wanaochimba, na wanaosimulia, na kama wanaosimulia walizidi wanaochimba aliinuka akaenda kuwakumbusha kwa upole.

Basi ungemtazama mtu huyo wa mafungu ukadhani kwake kila kitu kimepangwa. Miguuni alivaa kiatu kimoja cha kahawia na kimoja cheusi, vya mtumba, kwa sababu alivikuta vimetupwa chini ya meza ya muuzaji kila kimoja kimepoteza mwenzake. "Wa kushoto mmoja, wa kulia mmoja," alisema. "Unataka nini zaidi?" Hakukumbuka tarehe. Alipoteza kofia mara mbili kwa mwezi. Na mkewe, Mama Zuhura, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, ndiye aliyejua baiskeli iko wapi, ufunguo uko wapi, na leo ni siku gani.

Mama Zuhura alikuwa mwanamke mrefu aliyecheka kwa mabega, bila sauti. Nilipofika kwao aliniwekea ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa na chumvi pembeni, akaketi mkekani kupepeta mbaazi huku Karani akinieleza mambo ya mafungu. Nilidhani hasikilizi.

"Nyumbani kwangu," Karani alipenda kunitambia, "pipa halijawahi kukauka. Masika, kiangazi, wewe funua tu." Na kweli, nilifunua, lilikuwa limejaa.

Kazi yetu ilikuwa na mwisho mmoja. Mabomba ya awamu ya kwanza yangetosha vitongoji sita kati ya kumi na viwili, na awamu ya pili hakuna aliyejua itakuja lini, kama itakuja. Kitongoji chenye kaya nyingi za bondeni kingetangulia, chenye visima kingesubiri. Tulihesabu, mimi kwa mashine yangu, yeye kwa spoki yake, na safari hii tulilingana hadi kadi ya mwisho, pamoja na wale wa Bado. Kitongoji chake kilikuwa cha kumi na moja. Karibu kila kadi ilisema kisima.

Alilipokea vizuri. "Sisi tunajiweza," akasema, akijinyoosha kidogo kitini. "Wenye shida watangulie." Orodha ilikuwa iende Mtwara Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumanne asubuhi, siku kumi kabla ya orodha kwenda, nilikuwa narudi kutoka Masasi kwa gari la mradi. Kwenye kona moja ya kupanda uwanda dereva alipunguza mwendo, kwa sababu wanawake walikuwa wakivuka barabara kwa mstari, ndoo kichwani, wanapumua kwa nguvu. Wa tano katika mstari alikuwa Mama Zuhura, na mjukuu mgongoni. Nikashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Masasi?"

"Nzuri. Mama, si mna kisima?"

Mabega yakaanza kutikisika, maji yakamwagika kidogo. "Kipo. Kizuri sana, kina hata mfuniko. Mwezi wa saba kinakauka, kinasubiri Disemba."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wote wana visima," akasema, na mstari mzima ukaangua kicheko, na mmoja wao akasema kwamba cha kwake mwaka huu kimezaa chura tu.

"Mbona waandikishaji walipopita mlisema mnachota kisimani?"

"Waliulizwa waume zetu," akasema mwenye chura. "Mume atasema nini, na amekopa bati kwa ajili ya hicho kisima? Aseme mkewe anateremka bondeni kama zamani?"

Nikamgeukia Mama Zuhura. "Karani anajua?"

"Karani anaondoka na baiskeli kabla sijateremka, anarudi jioni. Karani anajua pipa limejaa." Akaacha kucheka. "Usimwambie. Kile kitu alikichimba kwa mikono yake."

Nilibaki na neno lile kutwa nzima. Nilimpenda yule mama na sikutaka kumvunjia siri yake, na nilimpenda mzee pia. Lakini kila nilipofumba macho niliona mstari ule unavuka barabara, na nikajua kwamba orodha ikienda vile, utaendelea kuvuka miaka isiyojulikana. Jumatano nikafunga mlango wa ofisi nikamwambia.

"Kadi inasema kisima," akajibu.

"Kadi haikukosea, Karani. Kisima kipo. Maji ndiyo hayamo."

"Nani kasema?"

"Nimeona kwa macho. Mama Zuhura alikuwa na ndoo."

Alichukua kadi za kitongoji chake, akazipanga, akapitisha spoki kwenye tundu la pili, akatikisa. Zikadondoka rundo zima. Akalipekua mpaka akaipata ya kwake, ukingo wake umekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, mkato wa mtu aliyeringa wakati anakata. Aliitazama kama nilivyosema, muda mrefu. Sidhani kwamba hakuwa akijua. Alijua kama mtu anavyojua kwamba anakoroma. Ilikuwa saa nne asubuhi. Akavaa kofia, akaondoka, na mimi nikalia kidogo nikidhani nimeharibu kila kitu.

Kesho yake alfajiri alikuwa amesimama pale njia ya bondeni inapotokea juu, mfuko wa ndani wa koti umejaa korosho. Aliniomba niende naye niwe shahidi. Mfuko wa ndani ulikuwa ghala lake. Ndoo ikipita kutoka nyumba yenye kisima, korosho moja inahamia mfuko wa kushoto. Ikiwa ya nyumba isiyo na kisima, mfuko wa kulia. Hakumwuliza mtu yeyote swali.

Habari ziliteremka mteremko haraka kuliko wanawake walivyopanda. Wengine wakageuza njia. Wengine wakajificha wakisubiri achoke. Mke wa fundi bati, ambaye kisima chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote kitongojini, alijibanza nyuma ya mkorosho na ndoo yake karibu saa nzima.

"Shemeji," Karani akaita hatimaye, bila kugeuka, "nimeshakuweka mfuko wa kushoto. Pita tu, shingo itakuuma."

Akatokea, amefunika uso kwa kanga, anacheka na kutukana kwa pamoja. Baada yake wakatoka wengine watatu ambao hata hatukujua wapo.

Mama Zuhura alipofika juu, Karani alitoa korosho moja, akaitia mfuko wa kushoto mbele yake ili aione. Kisha akanyoosha mikono akamtua ndoo. Hakuwa amewahi kubeba ndoo tangu utotoni. Hakujua kuiweka kichwani, aliikumbatia kifuani kama mtoto anayepigana, na mpaka nyumbani nusu ya maji ilikuwa kwenye shati na kiatu cha kahawia. Wanawake walimsindikiza kwa vigelegele. Niliyekuwa nimelia jana yake nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alisimama pale asubuhi saba, na kila asubuhi akampokea mkewe ndoo. Mfuko wa kushoto ulijaa hadi ukachanika.

Jumatano alasiri akaitisha mkutano uani kwa ofisi ya kijiji. Akaeleza orodha, akaeleza Ijumaa, akauliza nani anachota bondeni. Hakuna mkono ulioinuka. Wanaume walitazama mbele, wanawake walitazama chini. Fundi bati akasimama.

"Karani, sisi hapa ni watu wa visima. Umekuja kutudhalilisha mbele ya wageni wa mradi?"

Karani akatoa kadi moja mfukoni, akainua juu.

"Hii ni kadi ya kaya yangu mimi. Tundu lililokatwa ni la kisima. Nililikata mwenyewe. Ni uongo, na mwongo ni mimi." Akachukua mkasi, mbele ya watu wote, akakata tundu la tatu. Mkasi ulisikika mpaka nyuma. "Miaka mitatu maji ninayonawia uso yanapanda mteremko juu ya kichwa cha mke wangu, na mimi natembea nikiwaonyesha watu mfuniko." Akamtafuta kwa macho. "Mama Zuhura, nimekosea kuandika?"

"Hujakosea," akajibu kutoka nyuma. "Umechelewa tu."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapanda, kikawafikia wanaume, na nilimwona fundi bati anang'ang'ana kukizuia mpaka mdomo ukamshinda. Alikuwa wa kwanza kuja mezani kwangu. "Andika," akanong'ona. "Lakini andika pia kwamba ni kikubwa." Baada yake nilishika kalamu mpaka vidole vikafa ganzi.

Karani alitoboa tundu la tano kwenye kadi zote za kitongoji: Kisima Kikavu. Alhamisi nami nikaliongeza fungu hilo kwenye kompyuta, tukahesabu upya, pamoja na majibu ya vitongoji vingine, ambako wiki ileile tulikuwa tumetuma watu wakaulize wanawake, siyo waume zao. Kwingine mambo hayakubadilika sana. Cha kwake kilitoka cha kumi na moja kikawa cha pili. Mhandisi kule Mtwara aliuliza kilichotokea, nikamwambia kilichotokea ni korosho.

Bomba lilifika kabla ya kiangazi kingine. Siku maji yalipotoka yalitoka mekundu, yakakohoa, yakawa meupe, na mke wa fundi bati akaingia chini yake na nguo zake zote.

Mradi ulikwisha, nikahamishwa. Niliolewa, nikazaa, nikawa Mama Neema. Miaka ilipita mingi kuliko nilivyokusudia. Siku nilipopanda tena uwanda nilikuwa na kompyuta ya kubeba mkobani. Msimu wa mabibo ulikuwa umeanza, harufu yake tamu imejaa barabara nzima. Karani alikuwa amekonda, anatembea na fimbo, lakini viatu vilikuwa bado havifanani. Alinipeleka kisimani kwanza. Siku hizi wanafuga humo bata.

"Watoto wangapi?" akaniuliza.

"Wa kike wawili, wa kiume mmoja."

"Ahaa," akasema, ameridhika kabisa.

Tulipokwisha kula, Mama Zuhura aliingia ndani akatoka na chungu kilichofunikwa kitambaa. Akakiweka katikati ya mkeka.

"Leo mwenye kalamu yupo," akasema. "Tuhesabu."

Akamimina. Zilikuwa mbegu, mamia ya mbegu. Karani akainamisha miwani.

"Ngapi hizi?"

"Ngapi za nini?" akauliza Mama Zuhura, na mabega yakaanza.

Kumbe tangu mwaka ule kisima kilipomalizika mpaka bomba lilipokuja, kila aliporudi kutoka bondeni alitia mbegu moja. Hakujua kusoma. Alikuwa amekaa tu pale mkekani akipepeta mbaazi na kumsikia mumewe na mafungu yake. Kokwa za ukwaju zilikuwa safari za kawaida. Njugumawe zilikuwa za siku alizokuwa na mjukuu mgongoni. Korosho ndogo zilikuwa za siku alizoteremka akakuta chemchemi imekauka, akarudi na ndoo tupu. Karani alizitenga mwenyewe, polepole, nami nikaandika kila fungu. Za ukwaju zilimchukua muda mrefu. Za korosho alizirudia mara mbili, kana kwamba zitapungua.

"Jumla?" nikauliza, na wote wawili wakanitazama kwa huruma.

Zikabaki mbegu chache nyekundu zenye jicho jeusi, zile ambazo watoto hutunga shanga. Karani akazikusanya kiganjani.

"Na hizi?"

"Hizo ni siku ulizonipokea ndoo."

Hakuhitaji kuzihesabu, lakini alizihesabu. "Saba," akasema. Nikaandika saba, chini ya zile namba nyingine, na sikuweza kumtazama usoni. Niliona tu kiganja kimebaki wazi.

Kisha akashika fimbo, akainuka, akachukua kidumu kidogo kitupu cha mafuta ya kula kilichokuwa mlangoni, akatoka. Bomba liko hatua kama ishirini kutoka uani kwao. Tulimsikia akisalimiana na watoto wa foleni, tukasikia maji. Alirudi taratibu, fimbo mkono mmoja, kidumu mkono mwingine, ameloa mguu wa suruali, akakitua mbele ya mkewe. Alikuwa anahema na kutabasamu.

Mama Zuhura alifungua fundo la pembe ya kanga yake. Ndani mlikuwa na mbegu nyekundu moja. Sijui aliifunga pale tangu lini. Akaitia chunguni.

"Andika, Mama Neema," akaniambia.

Nikafuta saba, nikaandika nane.